Roli zangu za mdalasini: mara bapa, mara ngumu kama mbao. Nakosea wapi?

*"Shikamoo mwalimu. Naishi Temeke, Dar es Salaam, nina oveni ndogo ya umeme ya kuweka mezani. Nimeanza kuoka roli za mdalasini za nyumbani na za oda chache za majirani. Maelekezo nilitumiwa na rafiki yangu aliyeko Sweden. Mara ya kwanza nilitia pakiti mbili za hamira kwa nusu kilo ya unga, maziwa ya vuguvugu, nikaacha saa moja na nusu kama yalivyosema. Nikakuta unga umefura hadi umemwagika, unanuka kama pombe, na roli zikatoka bapa. Mara ya pili niliogopa, nikatia nusu pakiti tu. Unga ulikuwa unanata mikononi nikaongeza unga mkavu kama kikombe kimoja na nusu, na nikatia mdalasini humo humo ndani ya unga ili zinukie zaidi. Hazikuumuka vizuri. Nje zikawa kahawia, katikati mbichi, sukari yote ikamwagika ikagandia kwenye trei. Zilizobaki niliweka friji, asubuhi zilikuwa ngumu kama mbao. Jirani mmoja anasema niongeze hamira, mwingine anasema oveni yangu mbovu. Nakosea wapi?"*

Marahaba, binti yangu, na pole sana. Unga, siagi na mayai ya mara mbili si fedha ndogo, na uchungu wa kutoa trei iliyoharibika mbele ya watu wanaosubiri naujua. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilimwaga trei nne kwa asubuhi moja, nikarudi nyumbani nikiamini mkono wangu haufai kwa mkate.

Mkono wako unafaa. Nimesoma swali lako mara tatu, na ninachokiona ni mtu aliyefuata maelekezo neno kwa neno. Shida ni kwamba maelekezo yale yaliandikwa na mtu ambaye jiko lake lina nyuzi 20 hivi, na pengine nje theluji inaanguka. Jiko lako wewe saa nane mchana lina nyuzi 31 au 32. Karibu kila kilichokupata kinaanzia hapo. Na hamira usiongeze. Ile nusu pakiti uliyotia kwa woga mara ya pili ndiyo kiasi sahihi. Mengine ndiyo yaliyokuangusha siku ile.

Hamira ni viumbe hai vidogo mno, vinakula sukari na kutoa hewa ya kaboni pamoja na kilevi kidogo. Hewa ndiyo inayoumua unga. Kilevi ndicho ulichonusa. Ni kazi ile ile inayogeuza tembo tamu la mnazi la asubuhi kuwa pombe kali ifikapo jioni. Sasa, hamira huenda mbio kadiri joto linavyopanda. Likiongezeka nyuzi 8 hadi 10, mwendo wake karibu unakuwa maradufu, mpaka kama nyuzi 35 hadi 38. Zaidi ya hapo hulegea, na ikifika nyuzi 55 hadi 60 hufa. Kwa hiyo kazi ya saa moja na nusu kule, kwako inakwisha kwa dakika 40 au chini ya hapo, hata hamira ingekuwa sawasawa. Na haikuwa sawasawa: maelekezo mengi ya Sweden hutaja gramu 50 za hamira mbichi, kipande kizima kinavyouzwa kule, kwa unga unaokaribia kilo moja. Ile ni hamira yenye maji. Kwa hamira kavu ya chembechembe tunayonunua dukani, unagawa kwa tatu. Pakiti zetu nyingi zina gramu 10 au 11. Pakiti mbili kwenye nusu kilo, kwa joto la Temeke, na maziwa ya vuguvugu juu yake! Unga ulifika kileleni ukiwa bado unaosha vyombo, kisha ukaanza kushuka. Nyuzi za gluteni, yaani utando unaoshika hewa, zilivutwa zikachoka na kukatika. Unga ukifika hapo, uusukume upya na uukunje utakavyo, oveni haitaunyanyua vizuri.

Hili la maziwa ya vuguvugu nataka uliache kabisa. Limeandikwa kila mahali, hata kwenye maelekezo yetu ya Kiswahili, kwa sababu tumelinakili kwa watu wa baridi wanaohitaji kuiamsha hamira. Sisi tunahitaji kuituliza. Waoka mikate wana hesabu moja ambayo ingefaa ibandikwe ukutani kila jikoni Pwani. Unataka donge lako likimaliza kukandwa liwe na nyuzi 25 hivi. Zidisha kwa tatu, unapata 75. Toa joto la chumba, toa joto la unga, kinachobaki ndicho joto la maziwa. Kama chumba kina 31 na unga uliokaa kabatini una 30, yanabaki maziwa ya nyuzi 14. Maana yake ni maziwa yaliyotoka friji na kukaa mezani dakika chache. Huna kipimajoto? Maziwa yawe ya baridi kiasi cha kinywaji kizuri siku ya jua. Hamira changanya kwanza na unga mkavu, usiitumbukize moja kwa moja kwenye maziwa baridi, maana chembe zake haziamki vizuri zikishtuliwa.

Na saa ukutani usiiangalie sana. Ukishamaliza kukanda, kata kipande cha ukubwa wa ndimu, kishindilie chini ya glasi iliyonyooka, piga mstari kwa kalamu pale kilipofika. Glasi ikae pembeni ya bakuli. Kipande kikifika mara mbili ya mstari, donge lako limekuwa tayari, iwe zimepita dakika 45 au saa mbili.

Tuje kwenye kunata. Hapa ndipo ilipoharibikia ile ya pili, na nakuomba unielewe vizuri kwa sababu karibu kila mtu aliyezoea chapati hukosea hapa. Unga wa roli una siagi, yai, sukari na maziwa. Ni lazima unate mwanzoni. Unga mkavu hufyonza maji polepole, na sukari nayo inayagombania maji hayo hayo. Ukiongeza unga kila unaponata, unaupata ule ulaini wa haraka mkononi lakini unapika tofali. Kikombe kimoja na nusu ni karibu gramu 180, zaidi ya theluthi ya unga wote uliokuwa nao. Badala yake changanya kila kitu isipokuwa siagi, funika, ondoka dakika 20. Ukirudi utashangaa: donge lile lile lililokuwa tope limeshikana bila kuguswa. Ndipo ukande, ukiingiza siagi kidogo kidogo, dakika 10 hadi 12. Paka mikono mafuta kidogo kama inakusumbua. Utajua umefika pale unapochukua kinyunga kidogo, ukakivuta taratibu kwa vidole vya mikono miwili, kikawa chembamba hadi unaona mwanga wa dirisha kupitia humo bila kupasuka. Kikichanika mapema, endelea kukanda.

Mdalasini ndani ya unga ni kosa la mapenzi. Ulitaka harufu, ukaiminya hamira. Kile kinachoupa mdalasini ukali wake hupunguza nguvu za hamira. Viungo vingi vyenye harufu kali vina tabia hiyo. Kidogo sana hakina neno, vijiko viwili vina neno. Mdalasini ukae kwenye kijazo, mbali na kazi ya hamira.

Kama unataka unga wenyewe unukie, tia iliki. Rafiki yako aliyeko Sweden atakuthibitishia: roli zao za kweli, wanazoziita kanelbulle na ambazo tangu 1999 wamezitengea siku yake tarehe 4 Oktoba, zina iliki iliyopondwa ndani ya donge. Yaani harufu ya mahamri, kule kwenye barafu. Kila ninapolifundisha hili darasani naona nyuso zinafunguka, kwa sababu ghafla chakula cha ugenini kinakuwa cha nyumbani. Ponda punje mwenyewe. Iliki ya unga iliyokaa dukani miezi imebaki jina tu.

Sukari iliyomwagika ina maelezo mafupi. Nadhani uliyeyusha siagi, ukaipaka, kisha ukanyunyizia sukari juu. Sukari huvuta maji kutoka kwenye unga, inageuka shira, inateremka pamoja na siagi ya maji hadi chini ya trei, na pale chini inaungua. Shira hiyo hiyo ndiyo iliyoloweka tabaka za ndani zisiive. Siagi iwe laini, ya kukandika kwa kisu, isiwe ya maji. Ichanganye na sukari, mdalasini na kijiko kikubwa kimoja cha unga wa ngano mpaka iwe kama rojo zito. Ule unga kidogo hushika shira isikimbie. Paka, ukiacha upande mmoja sentimita mbili bila kitu, ili ukifika mwisho wa kukunja pashikane.

Kuhusu katikati mbichi, usiikunje roli kwa kuikaza kama mkeka. Inataka nafasi ya kupanuka, vinginevyo moyo wake unachomoka juu kama kinundu na chini yake unabaki mbichi. Kukata, acha kisu, kinaziminya zinakuwa na umbo la yai. Chukua uzi mrefu wa kushonea, upitishe chini ya roli, vuka ncha juu yake, vuta kwa mara moja. Uzi unapita kwenye unga laini bila kuuponda, na unauona mzunguko wa mdalasini ukijifungua mzima, tabaka kwa tabaka. Panga zikiachana upana wa kidole. Ziumuke tena mpaka zikaribie kugusana, na ukibonyeza ubavuni kwa kidole shimo lijae polepole na libaki alama ndogo. Likirudi upesi, subiri. Lisiporudi kabisa, umechelewa, ingiza oveni sasa hivi.

Oveni yako siihukumu bila ushahidi. Oveni ndogo za mezani zina waya wa moto karibu mno na juu ya mkate, na namba iliyoandikwa kwenye kitasa mara nyingi si joto lililomo ndani. Nunua kipimajoto cha oveni cha kutundika, si ghali, na ukiache humo dakika 20 kabla ya kuoka. Unataka nyuzi 175 hadi 180. Weka trei ngazi ya chini, na zikishaanza kuwa kahawia kama baada ya dakika 15, zifunike kwa karatasi ya foili. Kwa jumla dakika 22 hadi 27. Ukiwa na kipimajoto cha kuchoma nyama, chomeka roli ya katikati kabisa ya trei: nyuzi 90 imeiva. Wenye kuoka kwa mkaa nao wasikate tamaa. Sufuria nzito, moto mdogo chini, na mwingi wa kupalia juu ya mfuniko, kama mkate wa kumimina.

Sasa friji, ambayo imesingiziwa wema kwa miaka mingi. Mkate haukauki tu kwa kupoteza maji. Wanga uliolainika ndani ya oveni huanza kujipanga upya na kugangamala, na unafanya hivyo kwa kasi kubwa zaidi kwenye baridi ya nyuzi chache juu ya kuganda, yaani ndani ya friji yako hasa. Kwa hiyo friji ni rafiki wa donge bichi na adui wa mkate ulioiva. Roli zilizoiva weka kwenye chombo chenye mfuniko, mezani, siku mbili. Zaidi ya hapo, kwa unyevu wa Dar, kuvu litakutangulia. Zipeleke kwenye friza, kule kwenye kuganda kabisa wanga unatulia. Na zile za mbao usizitupe mara nyingine. Nyunyizia maji kiasi, funika kwa foili, pasha dakika 8 hadi 10. Wanga ukipita nyuzi 60 unalainika tena, ila zile ni za kuliwa papo hapo.

Kuna njia ya kuzifanya zikae laini siku ya pili bila dawa yoyote, nayo ndiyo ningependa uichukue hata kama utasahau mengine yote. Ni uji. Waoka mikate wa Japani na China wanaitumia sana, lakini wewe mbinu yake unaijua tangu utotoni. Chukua gramu 25 za unga kutoka kwenye nusu kilo yako na mililita 130 za maziwa kutoka kwenye kipimo chako. Koroga vikiwa baridi, bandika moto mdogo, endelea kukoroga. Dakika mbili tatu hivi utaona mwiko unaanza kuacha njia chini ya sufuria na njia hiyo haijifungi. Epua. Wanga ukipata joto la nyuzi 65 hivi huvimba na kukumbatia maji mengi kuliko unavyoweza ukiwa mbichi, na maji hayo hayaachii wakati wa kuoka. Donge linakuwa na unyevu mwingi bila kunata sana. Uji upoe kabisa kabla ya kuutia, la sivyo umerudi kule kule kwenye joto.

Vipimo ninavyotumia mimi kwa roli 12 ni hivi: unga wa ngano wa kawaida gramu 500 (usiwe ule uliokwisha kutiwa bekingi pauda, soma pakiti, wenye protini asilimia 11 au 12 unafaa), maziwa mililita 270 ukihesabu na yale ya uji, yai moja, sukari gramu 75, siagi gramu 75, hamira gramu 5, chumvi kijiko cha chai kimoja, iliki punje kumi zilizopondwa. Kijazo ni siagi gramu 100, sukari guru iliyokunwa au sukari ya kahawia gramu 120, mdalasini kijiko kikubwa kimoja na nusu, na kile kijiko cha unga. Sukuma donge liwe sentimita 40 kwa 30, likunje kuanzia upande mrefu.

Kwa oda za asubuhi, kanda jioni, kunja, kata, panga kwenye trei, funika vizuri na uweke friji usiku kucha, kwa muda wa saa 8 hadi 12. Hamira inatembea taratibu na ladha inakua, jambo ambalo joto la mchana halikupi nafasi. Ukiamka zitoe zishike joto kama dakika 45, kisha oka. Umeme ukiwa wa mashaka, punguza hamira hadi gramu 3, tumia maziwa baridi sana na ukande alfajiri kabla jua halijapanda. Na ile krimu ya jibini wanayomiminia Wamarekani, kwa mzigo unaokwenda kwa bodaboda juani ningeiacha. Inayeyuka, na vitu vya maziwa havipendi kukaa saa nyingi kwenye joto. Sukari ya unga iliyokorogwa na matone ya ndimu inatosha na inapendeza.

Neno moja la afya, kwa kuwa unauzia watu. Mdalasini uko wa aina mbili kuu sokoni. Ule halisi, unaolimwa Zanzibar na Sri Lanka, kijiti chake ni maganda membamba mengi yaliyojikunja pamoja kama sigara, na unavunjika kwa vidole. Mwingine, kasia, ni gamba moja nene na gumu, mkali zaidi, na poda nyingi inayouzwa duniani ni yake. Kasia ina kumarini nyingi zaidi, kitu ambacho kikiliwa kingi kila siku kinaweza kuliumiza ini la baadhi ya watu. Wataalamu wa chakula wa Ulaya wanaweka kikomo cha miligramu 0.1 kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa siku. Roli moja mara kwa mara haimtishi mtu mzima mwenye afya. Ila mteja mwenye ugonjwa wa ini au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, na anapenda mdalasini kila siku, amuulize daktari wake, wala asikuulize wewe au mimi. Mwenyewe natumia wa Zanzibar, nasaga vijiti nyumbani, na nasema wazi kwamba ni kwa ladha zaidi kuliko kwa hofu.

Lini utafute mtu wa kukusaidia ana kwa ana? Kama kipimajoto kinaonyesha oveni inapishana na kitasa chake kwa nyuzi 30 au zaidi, au joto linapanda na kushuka ovyo, au unasikia harufu ya waya kuungua, ichomoe na umwite fundi umeme, usiendelee kuoka. Na kama umefuata haya mara mbili na donge bado halikubali, usiniandikie tena kabla hujafanya hivi: amka saa kumi alfajiri, nenda kwenye kiwanda chochote cha mkate mtaani kwako, omba kwa heshima ushike donge lao baada ya kukandwa na tena kabla halijaingia motoni. Chukua na lako kwenye bakuli dogo. Muokaji mwenye uzoefu akilibonyeza mara moja tu kwa kidole gumba atakuambia kama limepungukiwa maji, halijakandwa au limechoka, na utalihisi mwenyewe hapo hapo.